Kujiundia kompyuta ya masomo na gemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaotaka mashine moja ifanye kazi mbili: mchana kozi, usiku gemu. Nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningependa mtu anunue vifaa vyake. Wengi huenda kinyumenyume. Huanza na kadi ya michoro inayong'aa, kisha pawasaplai, kifaa kinacholisha vifaa vyote umeme, wakaiokoteza kwa chenji iliyobaki.

Nijiundie ya mezani au ninunue laptopu?

Inategemea utaitumia wapi. Ikiwa kozi inakutaka uwe na kompyuta darasani au maabara kila siku, ya mezani peke yake haitakufaa, hata iwe na nguvu za tembo. Wapo wanaokwepa mtego huu kwa laptopu nyepesi ya mtumba ya kuandikia notisi, na ya mezani ikabaki chumbani kwa kazi nzito.

Kinachoipa ya mezani ushindi ni umeme na hewa. Chukua mfano wa RTX 4060, kadi ya michoro ya Nvidia. Ile ya mezani imeundwa kutumia wati 115. Ya laptopu ina jina hilohilo, lakini mtengenezaji wa laptopu anaruhusiwa kuipangia kiwango kuanzia wati 35 hadi 115, na mara nyingi tangazo halikwambii amechagua kipi. Tena ya mezani hubadilishwa kipande kimoja kimoja, ilhali laptopu nyingi kadi yake imechomelewa kwenye ubao moja kwa moja.

Basi nianze kuchagua kifaa gani?

Skrini. Jibu hili huwashangaza wengi, lakini skrini ndiyo inayoamua kadi ya michoro itafanyishwa kazi kiasi gani. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli kama milioni 2.1. Ya 2560 kwa 1440 ina kama milioni 3.7. Ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina milioni 8.3, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Pikseli zote hizo kadi huzichora upya mara 60, 100 au 144 kila sekunde. Aliyenunua skrini ya 4K na kadi ya bei nafuu amejitwika mzigo asioweza kuutua.

Kwa mwanafunzi naona chaguo ni mbili tu: 1080 kwa inchi 24, au 1440 kwa inchi 27. Usichukue 1080 kwa inchi 27. Kwenye gemu utavumilia, lakini ukisoma makala ndefu usiku herufi zitaonekana zina kingo za msumeno. Ukichagua aina ya paneli, IPS ndiyo salama kwa matumizi mchanganyiko, maana rangi hazibadiliki ukiitazama kwa pembeni. VA ina weusi mzito unaopendeza, ila baadhi yake huacha kivuli nyuma ya kitu kinachokimbia.

Kuhusu hezi: skrini ya hezi 60 huonyesha fremu mpya kila milisekunde 16.7, na ya hezi 144 kila milisekunde 6.9. Tofauti hiyo unaiona hata ukisogeza kipanya tu. Ukishainunua, ingia kwenye mipangilio ya Windows uhakikishe imewekwa hezi zake zote, kwa kuwa haipandi yenyewe kila mara. Nimewahi kumkuta mtu aliyeitumia skrini ya hezi 144 mwaka mzima ikiwa kwenye 60, na alikuwa akiwasifia watu ulaini wake.

Kozi ninayosoma inabadilisha nini?

Inabadilisha mengi kuliko gemu. Sheria, lugha, historia, biashara: kompyuta yoyote ya leo inatosha, hivyo pesa yako yote ya nguvu iende kwenye gemu. Ukiwa kwenye uhandisi au usanifu majengo, SolidWorks, programu ya usanifu wa 3D, inakutaka uwe na Windows, na kazi ya kuchora kwenye programu za aina hiyo hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa kuliko wingi wa viini. Kuzalisha picha ya mwisho ni kinyume chake; hapo kila kiini hula kazi yake.

Wanaosoma sayansi ya data na ujifunzaji wa mashine waangalie jambo moja mapema. Maktaba nyingi za msimbo za fani hiyo zimejengwa juu ya CUDA, mfumo wa kufanyia hesabu kwenye kadi ya michoro, na CUDA ni ya kadi za Nvidia. AMD, mshindani wake, wana mfumo wao uitwao ROCm, inayoendelea kukomaa, lakini mwanafunzi mwenye kazi ya kukabidhi Ijumaa hapaswi kuutumia Alhamisi akihangaika na usakinishaji. Blender, programu ya michoro ya 3D, nayo hunufaika sana na kadi za Nvidia zenye RTX. Wanaohariri video watazame RAM, memori ya muda ya kompyuta, kwanza.

Kabla hujanunua chochote, tafuta orodha ya programu za kozi yako kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Waliokutangulia wanayo.

Prosesa gani inatosha?

Viini 6 na nyuzi 12, yaani mikondo 12 ya kazi kwa wakati mmoja, ndicho kiwango ambacho sijuti kumshauri mtu. Ryzen 5 5600, Core i5-12400 na Ryzen 5 7600 zote zimo humo. Yenye viini 4 bado hucheza gemu nyingi, ila ukifungua kivinjari chenye vichupo 30 vya utafiti huku gemu ikiendelea, utasikia inavyohema.

Swali gumu zaidi ni soketi, kikao cha prosesa kwenye ubao mama, maana ndiyo inayoamua kama baada ya miaka mitatu utabadilisha prosesa tu au mashine nzima. AM4 ya AMD ilibeba Ryzen tangu 2017. Bado ni rahisi na imara, hutumia DDR4 (kizazi cha RAM), lakini imefika mwisho wa safari. AM5 ilikuja 2022, hutumia DDR5 pekee, na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. LGA1700 ya Intel ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14, na hubeba DDR4 au DDR5 kulingana na ubao. Nayo imeshafungwa, mrithi wake akiwa LGA1851. Mwenye bajeti finyu aende AM4 au LGA1700 akijua amenunua kitu kilichokamilika. Mwenye nafasi kidogo achukue AM5, aanze na prosesa ya chini, aipandishe atakapopata kazi.

Ukinunua Intel ya kizazi cha 13 au 14 ya daraja la juu, hasa ya mtumba, sasisha BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, kabla ya jambo lingine lolote. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikijiomba volti kupita kiasi na kuharibika polepole, wakatoa marekebisho kupitia BIOS. Marekebisho huzuia uharibifu. Hayaponyi prosesa iliyokwisha umia.

Herufi zilizo mwishoni mwa jina la prosesa zina maana gani?

Iliyo hatari kuipuuza ni F ya Intel: prosesa haina grafiki ya ndani. Bila kadi ya michoro hutaona hata nembo. K huruhusu kuongeza kasi kwa mkono, jambo ambalo mwanafunzi halihitaji. G kwa AMD ina grafiki ya ndani yenye nguvu. X3D ina kashe (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) kubwa ya ziada, na kwa gemu hufanya maajabu, ila bei yake nayo hufanya maajabu.

Naweza kuanza bila kadi ya michoro, nikainunua baadaye?

Unaweza, na ni mpango wa busara kwa anayelipa kidogo kidogo. Ryzen 5 5600G au 8600G itakupa gemu nyepesi na masomo yote bila shida. Ila 5600G si 5600 iliyoongezewa grafiki. Kashe yake ni megabaiti 16 badala ya 32, na njia zake za PCIe, zinazounganisha prosesa na kadi, ni kizazi cha 3. Siku utakapoongeza kadi, prosesa hiyo itakuwa nyuma kidogo ya mwenzake.

Usije ukaioanisha na RX 6500 XT. Kadi ile ina njia 4 tu za PCIe, na ikikaa kwenye kizazi cha 3 hubanwa vibaya.

Kadi ya michoro niichague vipi?

Rudi kwenye skrini uliyochagua, kisha tazama mambo matatu: nguvu, memori ya kadi na umeme. Kwa 1080, kadi kama RX 6600, RX 7600 au RTX 4060 zinatosha kwa gemu nyingi kwa mipangilio mizuri. Zote tatu zina gigabaiti 8 za memori, na hapo ndipo mjadala unapowaka. Gigabaiti 8 zinatosha 1080 ukiwa tayari kushusha ubora wa sura za vitu kwenye gemu mpya nzito. Kwa 1440 nisingenunua kadi mpya yenye gigabaiti 8.

RTX 3060 ya gigabaiti 12 ni kisa cha pekee. Kwenye gemu 4060 huishinda kwa kawaida, lakini kwa anayejifunza kufundisha modeli, gigabaiti 4 za ziada huamua kama modeli itaingia kwenye kadi au haitaingia kabisa. Ningekuwa mwanafunzi wa sayansi ya data, ningechukua 3060 ya mtumba na moyo wangu ungetulia. Hakikisha tu ni ile ya 12, kwa kuwa ipo pia ya 8 iliyopunguzwa nguvu.

Kikokotoo cha mtandaoni kinasema prosesa yangu itaibana kadi. Nifanyeje?

Kifunge. Kila mashine ina kitu kinachobana, na hubadilika kwa kila gemu na kila skrini.

RAM kiasi gani?

Gigabaiti 16 ndiyo sakafu. Kwa video, modeli za 3D, mashine pepe au data kubwa, nenda 32.

Zinunue mbili: 8 na 8, si 16 moja. Prosesa huongea na RAM kupitia njia mbili kwa pamoja, na ukiweka kipande kimoja umeifunga njia moja. Kwa anayetumia grafiki ya ndani, kosa hili huua fremu nyingi, maana grafiki hiyo huazima RAM hiyohiyo. Kwenye ubao wenye nafasi nne, vipande viwili kwa kawaida hukaa nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe. DDR4 ya 3600 au DDR5 ya 6000 itaanza kwa kasi ya chini hadi uingie BIOS na kuwasha XMP au EXPO, mipangilio ya kuifikisha kwenye kasi hiyo. Dakika moja ya kazi, na wengi hawaifanyi.

Ubao mama wa bei kubwa una faida?

Kwa prosesa ya viini 6, ndogo sana. Unacholipia ni taa, bandari za ziada na vidhibiti vya umeme vya prosesa kubwa ambayo huna. Ubao wa kawaida wa B550 (AM4), B650 (AM5) au B760 (LGA1700) unatosha. A520 na H610 ni za kubana matumizi. Zinafanya kazi, ila huwa na nafasi chache, na A520 hukupa PCIe ya kizazi cha 3 tu.

Kagua mambo haya: una Wi-Fi au utalazimika kununua kifaa cha pembeni? Una nafasi ngapi za M.2, mahali pa kuchomeka diski ya SSD? Na je, BIOS yake inaitambua prosesa yako? Ubao uliokaa sana ghalani unaweza kuwa na BIOS iliyotoka kabla ya prosesa kuzaliwa, nawe ukabaki na skrini nyeusi. Ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa USB bila prosesa hukuokoa hapo.

SSD: zile namba za kasi zinafaa kuzingatiwa?

Kidogo tu. SSD (diski isiyozunguka) ya SATA, muunganisho wa zamani, husoma kama megabaiti 550 kwa sekunde, ya NVMe, muunganisho mpya zaidi, ya kizazi cha 3 hufika 3,500, na ya kizazi cha 4 hufika 7,000. Ukitoka diski ya kuzunguka kwenda SATA, utahisi umenunua kompyuta nyingine. Ukitoka NVMe moja kwenda nyingine, gemu itafunguka mapema kwa sekunde chache, pengine usizione.

M.2 ni umbo, si kasi. Kuna M.2 za NVMe na M.2 za SATA, na ubao mwingine hupokea aina moja tu. Soma mwongozo. Kwa ukubwa, terabaiti 1. Gemu moja kubwa inaweza kula zaidi ya gigabaiti 100, na SSD inayokaribia kujaa hupungua kasi, hasa zile za bei ya chini (aina ya QLC).

Pawasaplai si ya kutoa umeme tu? Kwa nini inasemwa sana?

Kwa sababu ndicho kifaa pekee kinachoweza kufa na kuwachukua wenzake.

Tuhesabu. RTX 4060 ni wati 115, prosesa ya daraja la wati 65 haitazidi sana 90 ikibanwa, ubao, RAM, diski na feni tuseme 60. Jumla haifiki 300. Pawasaplai nzuri ya wati 550 inakutosha na kubakiza nafasi ya kadi kubwa kiasi baadaye. Mbovu ya wati 750 haikutoshi, kwa sababu hizo 750 ni maandishi tu. Geuza utazame kibandiko: mstari wa volti 12 ndio unaolisha prosesa na kadi, na wati zake ziwe karibu sawa na jumla iliyotangazwa. Ukikuta jumla ni 600 na volti 12 inatoa 350, rudisha rafuni.

Alama ya 80 Plus huwachanganya wengi. Inapima ufanisi tu: kwenye nusu ya mzigo, Bronze hufikia asilimia 85 na Gold asilimia 90 kwa kipimo cha volti 115. Haisemi lolote kuhusu kinga. Kwa kinga tafuta uchambuzi wa waliofungua na kupima, na utazame dhamana. Mtengenezaji anayetoa miaka 7 au 10 anaamini alichotengeneza.

Umeme wako ukiwa wa kukatika na kurudi kwa kishindo, weka UPS, betri ya dharura. Hata ndogo, ya kukupa dakika tano za kuhifadhi kazi.

Na waya! Waya za pawasaplai zinazochomoka hazibadilishani kati ya chapa moja na nyingine, na wakati mwingine hata ndani ya chapa moja. Upande wa diski umefanana kote, upande wa pawasaplai kila mtu amepanga pini zake anavyotaka. Mimi niliwahi kubadilisha pawasaplai nikaziacha waya za zamani ndani ya kesi, nikisema nijiepushie kazi ya kuzipitisha upya. Nilipowasha, diski mbili zilitoa harufu kabla sijasikia feni. Moja ilikuwa na kazi ya muhula mzima.

Kesi na vipozeo?

Kesi iwe na uso wenye matundu, feni mbili za mbele zikiingiza hewa na moja ya nyuma ikiitoa. Kioo kitupu mbele ni tanuri. Pima urefu wa kadi na kimo cha kipozeo kabla ya kununua. Ryzen 5 5600 na 7600 huja na kipozeo kwenye boksi, kinatosha ingawa kina kelele kidogo. 7600X haiji nacho.

Vifaa vya mtumba ni salama?

Prosesa, ndiyo, ni nadra kufa. Za AM4 kagua pini zilizo kwenye prosesa yenyewe, za AM5 na Intel kagua pini za soketi ya ubao. RAM na kesi, ndiyo. Pawasaplai, hapana, labda unajua historia yake. SSD, baada ya kusoma afya yake kwa programu.

Kadi ya michoro ndiyo yenye mitego. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo ziliingia sokoni. Kuchimba peke yake si kifo. Joto na feni zilizochoka ndizo tatizo. Omba kuiona ikifanya kazi nzito kwa nusu saa, sikiliza feni, tazama nyuzi joto. Kisha fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi. Zipo kadi kuukuu za Nvidia zilizobadilishwa BIOS ili zijitambulishe kama mpya zaidi, na programu hiyo huandika FAKE kabla ya jina inapozigundua. Ukikuta RX 580, hesabu vichakataji vyake vya michoro: kamili ina 2304, na ile ya 2048SP ni dhaifu zaidi ingawa jina ni lilelile. Muuzaji anayekataa kuiwasha anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Windows au Linux?

Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo jenga mashine ya Windows 11: TPM 2.0 (kipengele cha usalama), na prosesa kuanzia Intel kizazi cha 8 au Ryzen 2000. Mara nyingi TPM ipo lakini imezimwa kwenye BIOS.

Linux imekuwa nzuri kwa gemu tangu Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipoleta Proton, programu ya kuendesha gemu za Windows, mwaka 2018. Tatizo ni gemu za mashindano zenye programu za kuzuia udanganyifu. Valorant na Fortnite hazikubali. Wanaosoma programu za kompyuta huweka zote mbili, kila moja kwenye SSD yake, nami naona ndivyo ifaavyo.

Nimeunganisha kila kitu, haionyeshi picha.

Kebo ya skrini umeichomeka wapi? Ichomeke kwenye kadi, si kwenye ubao. Hili peke yake hutatua kesi nyingi.

Kama si hilo: waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 juu kushoto mwa ubao, umesahauliwa. RAM haijaingia hadi ikatoa sauti ya "tak". Kadi haijapewa waya wake wa umeme. Jaribu kipande kimoja cha RAM. Ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza huweza kukaa dakika kadhaa kwenye giza ikijipima, kwa hiyo usiizime kwa pupa.

Nimebakiwa na pesa kidogo. Niongeze kadi ya daraja la juu?

Nunua diski ya nje. Ichomeke mara moja kwa wiki, nakili folda ya kozi, ichomoe, iweke mbali na kompyuta.